KARATASI MOJA KWA MIKONO MINGI
Kalendari na maandiko ya kushirikiana mu intaneti



Mu namba hii nimeombwa kueleza jambo ambalo wengi wetu tunalisikia lakini wachache wanalitumia sawasawa, maana yake kalendari na maandiko ambayo watu wengi wanashirikiana juu yake mu intaneti. Najua wengine watasema: "Ile ni mambo ya watu wa maofisi, sisi itatusaidia nini?" Naomba musome kwanza hadisi hii.

LISTI TATU

Siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mangaribi, Nyiragongo ilipasuka. Moto ulishuka mpaka Buhene, ukasimama karibu na kiwanja cha ndege. Siku zilizofuata udongo ulitetemeka usiku na mchana. Siku ya ine, tarehe 27, asubuhi sana, serikali ikatangaza kwamba watu wa kartiye kumi za Goma watoke. Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zilikuwa mu hizo kumi. Basi watu wakatoka, wengine kwa miguu, wengine kwa pikipiki, wengine kwa gari, na mizigo juu ya chukudu. Wengi walifuata njia ya Sake, wengine wakavuka mupaka kwenda Gisenyi, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu.

Mimi nilikuwa ningali mtoto wa masomo ya msingi. Wakubwa wa avenyu yetu walitaka kujua nani iko wapi. Mama mmoja aliyekuwa Sake akaandika majina mu kaye. Kijana mmoja wa Gisenyi akaandika yake mu telefone. Jirani wa Bukavu akaandika ya tatu, akifuata habari alizoletewa na watu. Kila mmoja alitumia wengine picha ya listi yake, na kila aliyeipokea akaongeza majina, akatuma tena. Nyuma ya siku mbili hakuna aliyejua ni listi ngapi zinatembea.

Shangazi yangu alikuwa mu listi mbili. Moja ilisema iko Sake, nyingine ilisema iko Gisenyi. Mu ya tatu hakuwamo kabisa. Baba alikamata pikipiki akamtafuta Sake siku nzima, na mwisho tukasikia kwamba shangazi alipita Sake bila kulala, akafika Minova kwa ndugu zake. Tena kulikuwa mtu aliyejua vile na aliyeandika vile, lakini aliandika juu ya listi ambayo sisi hatukuiona.

Hakuna mtu aliyesema uongo. Kila listi ilikuwa ya kweli saa ile iliandikwa. Shida ni kwamba zilikuwa nyingi, na kila moja ilizeeka peke yake.

1. UGONJWA WA KOPI NYINGI

Ugonjwa huu tunao hata hapa ku masomo. Mwalimu anatoa tarehe za interro. Mkubwa wa kalasi anaandika mu kaye yake. Wale waliokosa siku ile wanakopi kwa rafiki, na rafiki naye alikopi kwa mwengine. Nyuma ya siku tatu mwalimu anabadilisha tarehe moja. Waliokuwapo wanasahihisha, wasiokuwapo wanabaki na ya zamani. Siku ya interro utasikia: "Miye niliandika ni kesho!" Naye hasemi uongo, anasoma tu kopi iliyozeeka.

Dawa ya ugonjwa huu si kukopi mbio zaidi. Dawa ni kuwa na karatasi moja tu, ambayo wote wanaitazama. Ubao wa matangazo karibu na ofisi ya prefe ni karatasi ya namna ile, lakini lazima utembee mpaka pale kwa kuusoma. Andiko la kushirikiana mu intaneti ni ubao ambao unaweza kuusoma ukiwa nyumbani Mabanga, ao Katindo, ao Bukavu.

2. KARATASI YENYEWE IKO WAPI?

Wengi wanawaza kwamba andiko liko mu telefone yao. Sivyo. Andiko liko mu mashini kubwa zinazoitwa seva, mbali sana na sisi, na telefone yako ni dirisha tu. Ukiandika neno, linakwenda mpaka kule, kisha seva inalionyesha kwa wote waliofungua dirisha lao. Kwa hiyo ukiharibu telefone yako ao ukiibiwa, andiko halipotei. Unaomba telefone nyingine, unaingia kwa jina lako na neno lako la siri, unalikuta pale uliliacha.

Wazo hili si la jana. Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1968, mu San Francisco, Marekani, mtu anayeitwa Douglas Engelbart alionyesha watu mu jumba kubwa namna yeye na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, karibu kilometre 50, wanaweza kufanya kazi juu ya maandishi mamoja, kila mtu mbele ya kioo chake. Ilipita miaka karibu 40 mbele watu wa kawaida wapate chombo kile. Mu 2006 kampani ya Google ilifungua kalendari yake, tena mwaka ule ule ikanunua kampani ndogo iliyotengeneza programu ya kuandika inayoitwa Writely. Pale njo Google Docs ilitokea. Leo kuna zingine pia, kama zile za Microsoft, na Etherpad iliyoanza 2008.

Kwetu njia ilichelewa. Mpaka 2009 inchi za Afrika ya mashariki zilipata intaneti hasa kwa satelite, bei kali. Mwezi wa saba 2009 kebo ya SEACOM, iliyopita chini ya bahari, ilifunguliwa kule Mombasa na Dar es Salaam. Kongo nayo iliunganishwa na kebo ya WACS, kule Muanda, mu 2013. Goma iko mbali na bahari zote mbili. Kila neno tunaloandika linapashwa kusafiri sana, na ndiyo maana wakati mwingine tunangoja.

Jambo la kufurahisha ni kwamba maandishi ni mepesi. Ukurasa mzima wa maneno unakula mega kidogo kabisa kuliko picha moja. Kwa hiyo musibandike picha mu andiko la kundi kama hakuna lazima. Picha njo zinamaliza yinite.

3. KALENDARI, NA MITEGO YAKE MITATU

Kalendari ya intaneti inafanya kazi tatu. Inaandika jambo siku na saa yake, inakukumbusha mbele (siku moja, ao saa moja, namna unavyochagua), na inaonyesha jambo lile kwa wote uliowakaribisha. Tena inajua kurudia. Ukiandika mara moja kwamba mazoezi ya koro iko kila siku ya posho, itaiandika yenyewe mpaka mwisho wa mwaka. Mwalimu akisogeza interro, inasogea mu telefone za wote. Kwa finalisti anayengoja Ekzamen ya Serikali, kuona miezi yake yote mahali pamoja si mchezo.

Lakini kalendari ni mashini, inafuata kile umeandika, haifuati kile umewaza. Sikieni mitego mitatu ambayo imetuangusha.

Mtego wa kwanza ni saa. Mwenzetu mmoja aliweka kurudia masomo ya hesabu saa mbili ya asubuhi, naye akaandika 2:00. Mashini haijui kuhesabu saa yetu. Ilitulilia sote saa nane ya usiku! Baba mmoja akapiga telefone kwa wazazi wa yule mtoto akiwaza kuna hatari mu kartiye. Kumbukeni: saa mbili ya asubuhi ni 8:00, saa tisa ya mchana ni 15:00, saa moja ya mangaribi ni 19:00. Tumieni hesabu ya saa 24.

Mtego wa pili ni tarehe. Kama telefone imewekwa mu Kingereza cha Marekani, inatanguliza mwezi mbele ya siku. Basi 3/4 ambayo kwetu ni tarehe tatu ya mwezi wa ine, kule ni tarehe ine ya mwezi wa tatu. Andikeni mwezi kwa jina.

Mtego wa tatu ni majira ya inchi. Kongo yetu ina saa mbili. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Kigali na Gisenyi ziko sawa na Goma. Kampala na Nairobi ziko mbele yetu saa moja. Basi mkutano wa saa ine mu Kinshasa, kwetu ni saa tano, na kule Nairobi ni saa sita. Kalendari inageuza yenyewe, ikiwa tu telefone inajua iko wapi. Watu wa Kasindi, karibu na Uganda, wanajua namna telefone inaweza kukamata mtandao wa ngambo ya pili na kuruka saa moja mbele. Sisi wa Goma tuna bahati, maana tukikamata mtandao wa Rwanda saa haibadiliki.

4. KAZI YA KUNDI, NA KIDOLE KILICHOLETA UGOMVI

Mwaka uliopita mwalimu wa jiografia alitupa kazi juu ya ziwa Kivu. Tulikuwa watu sita na telefone tatu. Tukafungua andiko moja, kila mmoja akapewa sehemu yake: samaki, gazi ya metane, mashua, volkano, bei ya soko, na mupaka.

Shida ya kwanza ilikuja juu ya kina cha ziwa. Mmoja aliandika metre 240, mwengine akafuta akaandika 485. Wa kwanza akafuta tena. Walifanya vile mara tatu, kama watoto wanaovutana kamba. Mwalimu akatuonyesha kwamba andiko lina nafasi ya maoni, pembeni. Badala ya kufuta neno la mwenzako, unaandika pale: "Uliitoa wapi hesabu hii?" Tulipoulizana vile, tukaona kwamba wote wawili walikuwa na haki. Metre 240 ni kina cha katikati, metre 485 ni pale ziwa linashuka kupita pote. Basi tukaandika zote mbili. Kama wangeendelea kufutana, tungebaki na moja tu.

Shida ya pili ilikuwa kali zaidi. Usiku mmoja nusu ya andiko ilipotea. Asubuhi maneno yakaanza. "Ni yeye, ju hakupenda sehemu yangu." Wawili waliokuwa marafiki tangu kalasi ya kwanza waliacha kusalimiana. Mwalimu alipofungua historia ya andiko, akatuonyesha kila badiliko, na jina, na saa. Tukaona kwamba saa tatu na robo ya usiku mmoja wetu, ambaye alitumia telefone ndogo ya kioo kilichopasuka, alitaka kukopi ukurasa wake. Kidole kikakamata vyote, kisha kikagusa alama ya kufuta. Hakuwa adui. Hata yeye mwenyewe hakujua. Mwalimu alirudisha andiko la mbele ya saa ile, na kazi yote ikarudi.

Nilijifunza pale kwamba historia haipashwi kutumiwa kama polisi tu. Tulimshitaki mwenzetu mbele ya kutazama, na historia njo ilimtetea. Kabla ya kusema "ni yeye", mufungue historia kwanza. Tena kila mtu aandike kwa jina lake. Watatu wakitumia jina moja, historia haitamtetea mtu.

5. NANI ANASHIKA UFUNGUO?

Sasa tunafika ku jambo ambalo naomba mulishike zaidi kuliko yote.

Mwenye kufungua andiko anagawa funguo za namna tatu. Ya kwanza ni ya kusoma tu. Ya pili ni ya kusoma na kutoa maoni. Ya tatu ni ya kuandika na kufuta. Kwa kalendari ya kalasi, wawili ao watatu waandike, wengine wote wasome. Kwa kazi ya kundi, wote wa kundi waandike. Usimpe mtu ufunguo wa tatu kwa heshima tu, kama vile humpi kila mgeni ufunguo wa depo.

Kuna pia mlango mkubwa: kila mtu mwenye kiungo anaingia. Kiungo ni anwani ya andiko. Ukifungua mlango ule, yule uliyemtumia anaweza kumtumia mwengine, naye mwengine, na wewe hutajua. Kwa tarehe za interro si neno. Lakini kwa majina ya watu, namba za telefone na pahali wanapolala, ni hatari. Tunaishi mu muji ambao umeona vita mara nyingi, na mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 tuliviona tena. Listi iliyoandikwa kwa kusaidia watu kukutana inaweza pia kusaidia mwenye nia mbaya kuwatafuta. Andiko halichagui nani analisoma. Wewe njo unachagua.

Hata kazi njema inapashwa mlinzi. Mu mwezi wa kwanza 2008, wakati wa machafuko nyuma ya uchaguzi wa Kenya, Wakenya na rafiki zao walitengeneza karata moja mu intaneti, wakaiita Ushahidi. Watu walituma habari za yaliyotokea pahali pao, hata kwa ujumbe wa telefone, nazo zikaonyeshwa juu ya karata ile ile moja. Ilisaidia sana, na inchi nyingine zikaiga. Lakini wenye kuitumia walijifunza upesi kwamba habari inapashwa kuchunguzwa na mtu, maana karatasi yenye mikono mingi inapokea kweli na uvumi kwa mlango mmoja.

6. MTANDAO UKIKATIKA, NA WASIO NA TELEFONE

Wazee wetu wanatuuliza: "Na kama hakuna mtandao?" Ni swali la haki. Kutoka mwisho wa 2018, nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa mu Kongo karibu majuma matatu. Umeme nao tunaujua.

Majibu ni mawili. Kwanza, unaweza kuambia programu ichunge kopi ya andiko mu telefone, lakini lazima uiambie mbele, wakati mtandao ungaliko. Utasoma na kuandika bila mtandao, na siku utarudi, maneno yako yatakwenda kujiunga na ya wengine. Yasomeni tena siku ile, maana mkiwa wawili mumeandika pahali pamoja, maneno yanaweza kuchanganyika.

Pili, karatasi ya kweli haijakufa. Mu kalasi yetu tuliona kosa letu. Tulipoanza kalendari ya telefone, tuliacha kuandika tarehe ku ukuta. Wenzetu wasio na telefone wakageuka waombaji. Kila asubuhi: "Yaya, niangalilie interro ni lini." Mmoja alikosa interro mbili, akaona haya kusema kwamba telefone ya nyumbani iliuzwa. Tulikuwa tumetengeneza chombo cha kushirikiana, kumbe tumefunga watu inje.

Sasa tunafanya hivi. Kila siku ya kwanza, mmoja kwa zamu anakopi kalendari ya juma lile kwa mkono, anaibandika karibu na mlango. Chini anaandika jina lake, siku na saa aliyokopi. Neno lile la mwisho ni la lazima, maana kopi yenye saa haiwezi kukudanganya. Unajua umri wake. Kama mu 2021 kila listi ya avenyu ingekuwa na saa chini, baba angejua ni ipi ya zamani, hangepoteza siku nzima Sake.

KWA KUFUNGA

Mukitaka kuanza mu kalasi yenu, shikeni haya:

a) Andiko ni moja. Usitume picha yake, tuma kiungo chake kwa wale wanaohusika.
b) Kila mtu kwa jina lake mwenyewe, na neno lake la siri asimpe rafiki.
c) Waandishi wachache kwa kalendari. Wengine wasome.
d) Usifute neno la mwenzako. Andika maoni, ngoja jibu.
e) Majina na makao ya watu yasiwekwe pahali mlango uko wazi kwa wote.
f) Kila juma kopi moja ya karatasi, yenye jina, siku na saa.

Chombo hiki hakiwezi kufanya watu wapatane. Kundi linalogombana ku meza litagombana pia mu intaneti, tena mbio zaidi. Lakini kundi lililokubali nani anaandika, nani anachunguza, na nani anakopia asiye na telefone, litaona kwamba chombo hiki kinapunguza kazi na kinapunguza ugomvi.

Hata gazeti hili munaloshika liliandikwa vile, watu wane juu ya andiko moja, mbele ya kupelekwa ku mashini ya kuzidisha karatasi. Makosa mutakayoyaona ndani ni yetu, si ya mashini. Mwenye swali aliandike, aliweke mu kisanduku cha gazeti. Tutajibu mu namba inayokuja.

Kazi njema kwa wote.

Mwanafunzi wa kalasi ya sita